Sekondari ya Jiji la Alexandria, zamani T. C. Williams: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia na michezo yake

Wasomaji wengi wameifahamu shule hii kupitia filamu ya mwaka 2000 iitwayo Remember the Titans, inayosimulia msimu wa 1971 wa timu yake ya futiboli ya Kimarekani, Titans, na vijana wa siku hizi wameifahamu kupitia mkimbiaji Noah Lyles. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya yeyote anayetaka kujua yaliyotokea kweli: jinsi shule ilivyoanza, jinsi ilivyopewa jina la mtu aliyepinga watoto weusi na weupe kusoma pamoja, na nafasi ya timu zake katika hayo yote.

Shule hii iko wapi, na ni shule ya aina gani?

Ni sekondari ya serikali, isiyotoza ada, katika jiji la Alexandria, jimbo la Virginia, nchini Marekani. Alexandria iko ng'ambo ya mto Potomac, upande wa kusini wa Washington, na wakazi wake wengi hudamka kwenda kufanya kazi katika ofisi za mji mkuu huo. Kwa hiyo huhesabiwa kuwa mji wa pembezoni mwa jiji kubwa, ingawa ulianzishwa mwaka 1749, kabla ya Washington yenyewe kuwapo.

Shule hupokea vijana wa darasa la 9 hadi la 12, yaani wenye umri wa takriban miaka 14 hadi 18. Wanafunzi wake wanazidi 4,000, idadi inayoiweka miongoni mwa sekondari kubwa kabisa za Virginia, na majengo yake makuu mawili yako barabara ya King na eneo la Minnie Howard. Miongoni mwa familia za wanafunzi zimo nyingi zinazozungumza Kihispania, Kiamhari, Kiarabu au Kidari (lugha ya Afghanistan) nyumbani. Jina la sasa, Alexandria City High School, limeanza kutumika mwaka 2021. Kwa miaka 56 kabla ya hapo shule iliitwa T. C. Williams, na katika majibu haya jina hilo litatumika kila tunapozungumzia miaka hiyo.

Kabla shule haijafunguliwa, vijana wa Alexandria walisoma sekondari wapi?

Ilitegemea rangi ya ngozi. Wazungu walikuwa na George Washington High School, iliyofunguliwa mwaka 1935, kisha wakaongezewa Francis C. Hammond mwaka 1956, iliyopewa jina la kijana wa Alexandria, mhudumu wa tiba katika jeshi la majini, aliyeuawa vitani Korea mwaka 1953 na kutunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya nchi yake.

Weusi kwa muda mrefu hawakuwa na sekondari hata moja. Samuel Tucker, mwenyeji wa Alexandria aliyezaliwa mwaka 1913 na ambaye baadaye alikuwa mmoja wa mawakili hodari wa haki za raia, ilimbidi avuke mto kwenda Washington ili apate elimu ya sekondari. Shule ya Parker-Gray ilifunguliwa mwaka 1920 kama shule ya msingi kwa watoto weusi, ikabeba majina ya walimu wakuu wawili waliotangulia, John Parker aliyeongoza shule ya wavulana na Sarah Gray aliyeongoza shule ya wasichana. Madarasa ya sekondari yaliongezwa humo kidogo kidogo katika miaka ya 1930, na jengo jipya la sekondari lilipatikana mwaka 1950 tu.

Historia ya michezo ya jiji hili haiwezi kusimuliwa kwa haki bila kuanzia Parker-Gray. Earl Lloyd, aliyezaliwa Alexandria mwaka 1928, alicheza mpira wa kikapu hapo, akamaliza mwaka 1946, akaenda chuo cha West Virginia State, na tarehe 31 Oktoba 1950 akaingia uwanjani na timu ya Washington Capitols, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza mechi ya ligi ya NBA. Weusi wengine wawili waliosajiliwa msimu huo, Chuck Cooper na Nat Clifton, walicheza mechi zao za kwanza siku chache baada yake. Mwaka 1955 Lloyd alitwaa ubingwa wa ligi hiyo akiwa na Syracuse Nationals. Leo uwanja wa mpira wa kikapu wa shule tunayoizungumzia una jina lake, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kusoma hapo, wala asingeruhusiwa kusoma katika sekondari ya Wazungu ya wakati wake.

T. C. Williams alikuwa nani?

Thomas Chambliss Williams alikuwa mkurugenzi wa elimu wa jiji la Alexandria kwa takriban miaka 30, hadi alipostaafu mwaka 1963. Katika kipindi hicho Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya tarehe 17 Mei 1954 katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, iliyosema kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa misingi ya rangi ni kinyume cha katiba. Viongozi wa Virginia, wakiongozwa na Seneta Harry Byrd, waliapa kupinga hukumu hiyo kwa kila njia. Mwaka 1958 serikali ya jimbo iliona heri kufunga shule kadhaa za Wazungu mjini Norfolk, Charlottesville na Front Royal kuliko kumwingiza mtoto mweusi hata mmoja, na wilaya ya Prince Edward ilikaa bila shule za serikali kuanzia 1959 hadi 1964.

Williams alikuwa upande huo, na alikuwa nao kwa vitendo. Mwaka 1958 wazazi weusi wa Alexandria walipofungua kesi wakitaka watoto wao wapokewe katika shule za Wazungu, mmoja wa wazazi hao alikuwa Blois Hundley, mpishi katika shule ya watoto weusi ya Lyles-Crouch. Williams alimfukuza kazi kwa sababu hiyo. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini jina la shule liliwauma wakazi weusi kwa zaidi ya nusu karne na amkumbuke mama huyo, aliyepoteza mshahara wake kwa kosa la kuwatakia watoto wake shule nzuri zaidi.

Shule ilifunguliwa mwaka 1965, miaka miwili baada ya Williams kustaafu, ikapewa jina lake kama heshima kwa mtumishi wa muda mrefu.

Je, ni kweli kwamba wanafunzi weusi na weupe walisoma pamoja Alexandria kwa mara ya kwanza mwaka 1971?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloenea zaidi kwa sababu ya filamu. Watoto weusi tisa waliingia katika shule tatu za Wazungu tarehe 10 Februari 1959, kwa amri ya mahakama ya shirikisho. T. C. Williams yenyewe ilikuwa na wanafunzi wa rangi zote tangu ilipofungua milango yake mwaka 1965, mwaka uleule Parker-Gray ilipokoma kuwa sekondari na wanafunzi wake wakagawanywa katika sekondari tatu zilizobaki.

Kufungwa kwa Parker-Gray kulikuwa na uchungu wake. Wazazi walikuwa wamepigania haki ya watoto wao kuingia shule yoyote. Hawakupigania shule yao ife. Michezo nayo ilipitia njia hiyohiyo: sekondari za Wazungu za Virginia zilishindana chini ya Virginia High School League, chama kilichoanza mwaka 1913, na sekondari za weusi zilikuwa na chama chao, Virginia Interscholastic Association, kilichoundwa mwaka 1954. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chama cha pili kilimezwa na cha kwanza, na makocha wengi weusi waliokuwa wakuu katika shule zao walijikuta wasaidizi katika shule za wengine.

Basi ni nini hasa kilichobadilika mwaka 1971?

Kilichobadilika ni mpango mzima wa sekondari jijini. Ingawa sheria ilikuwa imeruhusu kuchanganyika, makazi ya watu yalikuwa bado yametengana, kwa hiyo Hammond, iliyokuwa upande wa magharibi, ilibaki karibu yote ya Wazungu, na George Washington, iliyokuwa karibu na mitaa ya weusi, ilipokea weusi wengi. Hali ya mjini ilikuwa imechafuka pia: mwezi Mei 1970 kijana mweusi wa miaka 19 alipigwa risasi na kufa mikononi mwa meneja mweupe wa duka dogo, na ghasia zikafuata.

Bodi ya elimu iliamua kwamba kuanzia mwaka wa masomo wa 1971 wanafunzi wote wa darasa la 11 na la 12 jijini wasome T. C. Williams, na Hammond na George Washington zibaki na darasa la 9 na la 10. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini ulikuwa na gharama ambayo kila mwanamichezo ataielewa. Timu tatu za wakubwa zilizokuwa mahasimu wa mtaani zikawa timu moja. Kijana aliyekuwa na uhakika wa namba Hammond alikuta wenzake wawili wanaocheza nafasi hiyohiyo, mmoja kutoka George Washington na mwingine mwenyeji wa Williams, na kocha ambaye hakuwahi kumwona akicheza.

Kwa nini Herman Boone alichaguliwa kuwa kocha mkuu wa futiboli badala ya Bill Yoast?

Yoast, Mzungu aliyezaliwa Alabama mwaka 1924, alikuwa kocha wa Hammond, anapendwa na ana sifa njema, na wengi walidhani kazi ni yake. Boone, mweusi kutoka Rocky Mount, North Carolina, alikuwa amefundisha kwa miaka tisa katika shule ya E. J. Hayes mjini Williamston, akashinda mechi 99 na kupoteza 8. Pamoja na rekodi hiyo, shule za huko zilipochanganywa aliambiwa mji hauko tayari kwa kocha mkuu mweusi. Akahamia Alexandria mwaka 1969 akiwa kocha msaidizi.

Bodi ilimteua Boone kwa sababu za mchezo na kwa sababu za rangi pia, na hakuna haja ya kuficha sababu hizi za pili: jamii ya weusi ilikuwa imepoteza shule yake na makocha wake, na ilihitaji kuona kwamba muungano huu haumaanishi wao tu ndio wa kushuka ngazi. Uamuzi wa Yoast wa kubaki kama msaidizi, akisimamia ulinzi, kwa maoni yangu ndio uliookoa msimu. Angeondoka, wachezaji wengi wa Hammond wangekuwa na sababu ya kuondoka naye.

Msimu wa 1971 ulikuwaje?

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, futiboli ya Kimarekani huchezwa na wachezaji 11 kila upande, ambao husukuma mpira wa mviringo wa yai hatua kwa hatua kuelekea mwisho wa uwanja wa mpinzani, kwa kukimbia nao au kuurusha. Kufika mwisho huo kunaleta pointi 6. Jambo muhimu la kulielewa ni kwamba wanaoshambulia na wanaolinda ni vikosi viwili tofauti vinavyopokezana uwanjani, kwa hiyo timu yenye ulinzi mkali inaweza kushinda hata siku ambayo washambuliaji wake hawako sawa.

Mwezi Agosti makocha waliwachukua wachezaji kwenda kambini katika chuo cha Gettysburg, Pennsylvania, mji uliopiganiwa vita vikubwa vya wenyewe kwa wenyewe mwezi Julai 1863. Katika mabasi na katika vyumba vya kulala Boone hakuwaacha wajipange kwa rangi. Walipangwa kwa kazi zao uwanjani, washambuliaji na washambuliaji, walinzi na walinzi, na chumba kimoja kikawa na mweusi na mweupe. Mazoezi yalikuwa makali kiasi kwamba baadhi ya wachezaji walikiri baadaye kuwa walianza kuelewana kwa kumlalamikia kocha.

Msimu ulipoanza, Titans hawakushikika. Walicheza mechi 13 wakashinda zote 13, na katika 9 kati ya hizo mpinzani hakupata hata pointi moja, jambo ambalo katika mchezo huu ni nadra mno kwa sababu timu dhaifu nayo kwa kawaida huambulia chochote. Mechi iliyowatoa jasho kweli ilikuwa dhidi ya George C. Marshall, shule ya wilaya jirani ya Fairfax, waliyoishinda kwa 21 kwa 16. Fainali ya jimbo ilichezwa tarehe 4 Desemba 1971 mjini Roanoke, kusini-magharibi mwa Virginia, dhidi ya Andrew Lewis ya mji wa Salem, na Titans walishinda kwa 27 kwa 0.

Sifa za kikosi hicho hupewa kocha mkuu, na anastahili, lakini ukitazama matokeo utaona kwamba taji lilijengwa na ulinzi: Gerry Bertier, nahodha mweupe kutoka Hammond, na Julius Campbell, mweusi kutoka George Washington, walikuwa mhimili wake. Urafiki wa wawili hao si wa kubuni. Ulidumu hadi mmoja wao alipofariki.

Gerry Bertier alipatwa na nini?

Usiku wa tarehe 11 Desemba 1971, wiki moja baada ya fainali, alipata ajali ya gari akitoka katika hafla ya kuipongeza timu, akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Hakuacha michezo. Alishindana katika michezo ya watu wanaotumia viti vya magurudumu, akashinda medali za dhahabu za kurusha tufe na kisahani, na akawa mtetezi wa haki za watu wenye ulemavu. Alifariki tarehe 20 Machi 1981, akiwa na umri wa miaka 27, baada ya gari lake kugongwa na dereva mlevi. Ukumbi wa michezo wa shule una jina lake.

Filamu ilibadilisha mambo gani?

Ilibadilisha mengi. Mwandishi wake, Gregory Allen Howard, alihamia Alexandria, akawasikia wenyeji wakizungumza juu ya timu ya 1971, akaandika hadithi ambayo studio ilikuja kuipiga picha katika jimbo la Georgia, Denzel Washington akiigiza kama Boone na Will Patton kama Yoast. Ni hadithi nzuri, na bila hiyo watu wachache sana nje ya Virginia wangeijua shule hii. Hata hivyo msomaji ajue mambo yafuatayo.

Katika filamu ajali ya Bertier inatokea kabla ya fainali. Kwa kweli alicheza fainali yote. Katika filamu fainali ni dhidi ya Marshall na inaamuliwa katika sekunde za mwisho. Kwa kweli mchezo wa Marshall ulikuwa wa msimu wa kawaida, na fainali haikuwa na ushindani wowote. Katika filamu Yoast ana binti mmoja; kwa kweli alikuwa na mabinti wanne. Filamu inaonyesha tofali likirushwa dirishani kwa Boone. Boone mwenyewe alisimulia kwamba kilichorushwa kilikuwa choo kizima. Kubwa kuliko yote, filamu inaifanya Titans kuwa timu pekee yenye wachezaji wa rangi zote katika ligi ya Wazungu watupu, ilhali kufikia mwaka 1971 shule nyingi za eneo hilo zilikuwa zimekwisha kuchanganywa. Kwa kosa hilo la mwisho, miaka 12 ya kesi, ya maandamano na ya watoto wale tisa wa 1959 imefutwa, na sifa yao yote ikapewa mechi za msimu mmoja.

Boone aliacha ukocha mkuu wa shule hiyo mwaka 1979. Baada ya filamu, yeye na Yoast walizunguka nchi wakitoa hotuba. Wote wawili walifariki mwaka 2019, Yoast mwezi Mei na Boone mwezi Desemba.

Je, ubingwa wa 1971 ndio uliomaliza ubaguzi mjini?

Haukumaliza, na waliocheza hawakuwahi kudai hivyo. Timu inayoshinda iliwapa wazazi wa rangi mbili mahali pa kukaa jukwaa moja kila wiki bila kugombana, na katika mwaka uliotanguliwa na risasi na moto hilo halikuwa jambo dogo. Lakini familia nyingi za Wazungu ziliendelea kuhamia maeneo mengine au kuwapeleka watoto wao shule za binafsi, na tofauti za matokeo ya masomo kati ya makundi ya wanafunzi zilibaki kuwa mzigo wa shule hii kwa miongo mingi: mwaka 2010, shule ikiwa na jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2007, serikali ya shirikisho iliiweka katika orodha ya shule zenye ufaulu duni wa kudumu. Anayeipenda shule hii kwa dhati ni lazima ayaseme yote mawili.

Kwa nini kwa miaka mingi timu ya futiboli ilicheza mchana badala ya Ijumaa usiku kama shule nyingine?

Kwa sababu uwanja haukuwa na taa, na sababu ya kukosa taa ni kisa kinachostahili kujulikana kuliko kinavyojulikana. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu weusi waliotoka utumwani walijenga makazi yao kwenye miinuko ya eneo hilo, wakanunua viwanja, wakaweka makanisa na makaburi. Jiji lilipotaka ardhi ya kujenga sekondari mpya mwanzoni mwa miaka ya 1960, baadhi ya familia hizo ziliondolewa, na kadhaa zikapewa nyumba katika mtaa mdogo unaopakana na uwanja. Wazee wa mtaa huo walishikilia kwamba waliahidiwa kuwa uwanja hautawekewa taa kamwe.

Shule ilipoomba kuweka taa, mgogoro ulidumu kwa miaka, kila upande ukiwa na hoja nzito. Wachezaji, ambao wengi wao ni weusi na Walatino, walitaka kucheza usiku mbele ya wazazi wanaofanya kazi mchana. Majirani walisema familia zao zilikwisha kutoa ardhi na sasa zinaombwa kutoa usingizi. Baraza la jiji liliidhinisha taa mwaka 2018. Mimi naona vijana walistahili taa hizo, na naona pia kwamba ahadi iliyotolewa kwa watu walioondolewa makwao haikupaswa kuchukuliwa kuwa kero ya kupangua njiani. Uwanja huo, kwa taarifa ya msomaji, unaitwa Parker-Gray.

Noah Lyles alianzia hapa kweli?

Ndiyo. Alizaliwa Gainesville, Florida, mwaka 1997, akakulia kwa sehemu kubwa Alexandria pamoja na mama yake, Keisha Caine, na mdogo wake Josephus. Wazazi wote wawili walikuwa wakimbiaji. Baba, Kevin Lyles, alikuwa katika kikosi cha Marekani kilichotwaa ubingwa wa dunia wa mita 400 kwa kupokezana vijiti mwaka 1995. Noah alisumbuliwa na pumu tangu utotoni na mchezo wake wa kwanza ulikuwa jimnastiki. Alipokuwa bado mwanafunzi wa T. C. Williams alishinda mita 200 katika Olimpiki ya Vijana mjini Nanjing mwaka 2014.

Mwaka 2016, mara tu baada ya kumaliza shule, aliingia katika mchujo wa taifa wa Olimpiki akakimbia mita 200 kwa sekunde 20.09, akivunja rekodi ya sekondari za Marekani iliyokuwa imesimama tangu 1985. Alimaliza wa nne, na wanaokwenda ni watatu. Kijana mwingine angekwenda chuo kikuu, kama walivyo karibu wanariadha wote wa huko. Ndugu hawa wawili walitia saini mkataba na Adidas wakawa wanariadha wa kulipwa moja kwa moja, wakahamia Florida kwa kocha Lance Brauman.

Yaliyofuata yanajulikana. Ubingwa wa dunia wa mita 200 mwaka 2019, 2022, 2023 na 2025, sekunde 19.31 mwaka 2022, zilizompita Michael Johnson, aliyeshikilia rekodi ya Marekani, kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Na mjini Budapest mwaka 2023 dhahabu tatu. Katika fainali ya mita 100 ya Olimpiki ya Paris, tarehe 4 Agosti 2024, alikuwa wa mwisho kufikia mita 30. Akapanda mmoja baada ya mwingine, akainamisha kifua kwenye mstari, na kila mtu uwanjani pamoja na yeye mwenyewe akadhani Kishane Thompson wa Jamaika ameshinda. Picha ya mwisho ilionyesha sekunde 9.784 za Lyles dhidi ya 9.789 za Thompson. Siku nne baadaye, akiwa na maambukizi ya korona, alipata shaba katika mita 200, mbio zilizomfanya Letsile Tebogo wa Botswana kuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya wanaume katika umbali huo.

Kuna michezo gani mingine?

Kama sekondari nyingi za Marekani, mwaka umegawanywa katika misimu mitatu ya vuli, baridi na machipuko, na kila msimu una michezo yake: futiboli, soka, mbio za nyika, mpira wa wavu, mpira wa kikapu, mieleka, kuogelea, riadha, besiboli na mingineyo, kwa wavulana na wasichana. Timu za wasichana zilipanuka baada ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Mwanafunzi haruhusiwi kushindana akishindwa masomo. Kanuni ya chama cha jimbo inadai awe amefaulu angalau masomo matano.

Mchezo unaoipambanua shule hii ni kupiga makasia. Ni nadra kwa sekondari ya serikali nchini Marekani kuwa na kituo chake cha mashua, lakini Alexandria ina kituo cha Dee Campbell kwenye ukingo wa Potomac, ambako vijana hubeba mashua ndefu mabegani hadi majini alfajiri au baada ya vipindi. Katika futiboli, baada ya 1971 shule ilitwaa ubingwa wa jimbo tena mwaka 1984 na 1987.

Kwa nini jina lilibadilishwa, na kwa nini jina la Titans likabaki?

Madai ya kuliondoa jina la Williams yalikuwapo muda mrefu, na kila mara yalikutana na jibu lilelile: kwamba jina hilo limekwisha kuoshwa na ushindi wa 1971. Baada ya mauaji ya George Floyd mwezi Mei 2020 ombi lilirudi kwa nguvu, wanafunzi wakiwa mstari wa mbele. Tarehe 23 Novemba 2020 bodi ya elimu ilipiga kura kwa kauli moja kuliondoa, mwezi Aprili 2021 ikachagua jina jipya, na tarehe 1 Julai 2021 likaanza kutumika rasmi.

Titans lilibaki kwa sababu halikuwa la Williams. Ni jina walilolitolea jasho vijana wenyewe, weusi na weupe, na baadhi ya waliocheza mwaka 1971 waliunga mkono mabadiliko huku wengine wakisikitika kuona jina la shule yao likiondoka. Masikitiko hayo yanaeleweka; mtu hukumbuka ujana wake kwa jina alilolikuta mlangoni. Lakini shule ni ya watoto wanaosoma leo, na hakuna sababu ya mjukuu wa mpishi aliyefukuzwa kazi kupokea cheti chenye jina la aliyemfukuza.

Mgeni anaweza kuona nini akifika Alexandria?

Shule ni mahali pa masomo na haipokei watalii wakati wa vipindi, ila mechi za nyumbani ziko wazi kwa umma, na tiketi hununuliwa kama shule nyingine yoyote. Kwa historia iliyotangulia 1965, mahali bora ni jumba la makumbusho ya historia ya weusi la jiji, barabara ya Wythe. Sehemu ya jumba hilo ni jengo la maktaba ya Robert Robinson, lililojengwa mwaka 1940 kwa ajili ya weusi peke yao, baada ya vijana watano kukamatwa mwezi Agosti 1939 kwa kukaa na kusoma vitabu katika maktaba ya Wazungu. Aliyewaandaa vijana hao na kuwatetea mahakamani ni Samuel Tucker.